Maswali ya wasomaji: Ndege kongwe za mizigo zinapitaje milimani?

SUALI (msomaji wa Wete, Pemba): Assalaam aleikum. Mimi na ami yangu tumebishana mpaka tumenuniana. Nimeona video za zile ndege za mapanga za zama za Vita vya Pili zikibeba nyama kule Bolivia, zinapita katikati ya milima, ami anasema huko ni kujiua tu, ndege kuukuu vile haifai hata kutoka Chake kwenda Unguja. Nani yuko sawa? Na kwanini wasipeleke kwa gari?

JAWABU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Ami ana haki ya kuogopa ila anaogopa kitu sicho, umri wa ndege sio tatizo kubwa kule, tatizo hewa.

Kwanza hiyo barabara. Bolivia ina ng'ombe wengi mkoa wa Beni, tambarare inayofurika maji kila msimu wa mvua gari zikakwama, na walaji wako La Paz huko juu milimani. Kwaiyo kwa miaka mingi ng'ombe walichinjwa kule kule, nyama ikapakiwa kwenye ndege za aina ya C-46 au DC-3, hizo ulizoziona, ikavushwa milima yenye vilele vya zaidi ya mita 6,000 mpaka uwanja wa ndege wa La Paz uitwao El Alto, ambao wenyewe uko mita 4,061 juu ya bahari. DC-3 iliruka mara ya kwanza 1935 na C-46 mwaka 1940, baada ya vita zikauzwa bei rahisi, zina mlango mpana na zinatua hata kwenye uwanja wa udongo.

Sasa hewa. Pale El Alto mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 60 tu ya huu wa kwetu pwani, injini inakosa pumzi, ina supachaja ya kuisindilia hewa lakini nayo ina kikomo chake, bawa nalo linapata hewa nyepesi na mapanga vilevile, basi ili ibaki juu ndege inabidi iende kasi zaidi kama kwa asilimia 20 hivi. Ndo mana njia ya kurukia pale ni kilomita 4 wakati yetu ya Kisauni, Unguja ni kama 3. Na kasi ikizidi, kona inatanuka: kona iliyotaka mita 1,000 huku chini inataka 1,500 kule juu kwa mlalo ule ule wa bawa! Hapa ndo watu wanapokufa, rubani anaingia bonde kwa chini, ardhi inapanda haraka kuliko ndege, akitaka kugeuka bonde halimtoshi. Rubani anaejua hashiki katikati ya bonde, anashika upande mmoja ili apate upana wote wa kugeukia, na ukingo wa mlima anauendea mshazari ili upepo ukimsukuma chini achepuke mapema. Tena anaondoka asubuhi, mchana upepo na mawingu yanaamka.

Huo ukuukuu mwambie ami ni kazi ya fundi. Injini zile silinda zimepangwa duara, usiku oili inachuruzika inajaa silinda za chini, ukiwasha hivo hivo pistoni inagonga oili na vyuma vinapinda. Kwaiyo asubuhi kabla ya kuwasha watu wanasukuma panga kwa mkono taratibu, likigoma wanafungua plagi za chini oili imwagike. Fundi anaeruka hatua hii mimi nisingepanda ndege yake, iwe mpya iwe kongwe.

Ushahidi mkubwa kwamba tatizo sio umri ni 1942 mpaka 1945, Wamarekani walipovusha mizigo kutoka Assam, India mpaka Kunming, China juu ya Himalaya. Zilipita kama tani 650,000 na zikapotea karibu ndege 600, na wakati ule ndege hizo zilikuwa mpya kabisa.

SUALI (Mkunazini, Unguja): DC-3 inaweza kuvuka juu ya Kilimanjaro?

JAWABU: Kwa injini zote mbili na mzigo mdogo ndio, uwezo wake ni futi 23,000 na kidogo, mlima ni kama 19,340. Lakini injini moja ikizima pale juu haiwezi kubaki, itashuka tu hata ufanyeje, kwaiyo bora azunguke mlima.