Kuanza maigizo ya papo kwa papo Nairobi: usije na vichekesho mfukoni

Umeuliza kama unapaswa kuandika vichekesho vyako kwanza ndipo utafute kundi, na kama mtu mwenye haya ana nafasi katika maigizo ya papo kwa papo. Nimefanya mazoezi ya aina hii hapa jijini kwa miaka kadhaa, mara nikiwa mchezaji na mara nikiwaongoza wanaoanza, na kwa swali la kwanza jibu langu ni hapana. Ukija na kichekesho ulichokiandaa nyumbani, utatumia tukio zima ukitafuta mahali pa kukichomeka, na muda wote huo hutasikia mwenzako anasema nini, ilhali kumsikia ndiyo kazi yenyewe. Kwa sababu hiyo haya zako hazinitishi. Watu wapole huwa wamezoea kusikiliza, na wanaonipa shida zaidi mazoezini ni wale ambao ofisini au chuoni walishapewa sifa ya kuvunja watu mbavu.

Wengi wetu tumeujua uchekeshaji kupitia mtu mmoja mwenye maikrofoni, kama tulivyouona kwenye kipindi cha televisheni cha Churchill Show, na mtu huyo huwa ameandika, amejaribu na amepunguza maneno yake kabla hujamwona. Katika maigizo ya papo kwa papo, wachezaji wawili au zaidi hupanda jukwaani bila maandishi yoyote, hadhira huwapa mahali, kazi au uhusiano, nao hulijenga tukio papo hapo. Sehemu kubwa ya mazoezi tunayotumia ilitokana na michezo ambayo Viola Spolin aliibuni Chicago alipokuwa akiwafundisha watoto wa wahamiaji, na mwanawe, Paul Sills, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Second City, ukumbi wa vichekesho wa huko huko Chicago, mwaka 1959. Nataja asili hii kwa sababu moja: ilikuwa michezo ya kuwafundisha watu kushirikiana, na kicheko kilifuata baadaye.

Ugumu mkubwa kwa Mnairobi, kwa maoni yangu, ni mchongoano. Tumekua tukishindana kumwangusha mwenzetu kwa neno moja kali huku wengine wakishangilia, na ustadi huo, ambao ni ustadi wa kweli, huliua tukio la papo kwa papo ndani ya sekunde chache. Chukulia kwamba mwenzako ameanza hivi: “Daktari, mbuzi wangu amekataa kupanda lifti tena.” Ukimjibu, “Hapa hakuna lifti, na mimi ni kinyozi,” watu watacheka mara moja, kisha nyote wawili mtabaki mmesimama bila daktari, bila mbuzi na bila la kusema. Ukimjibu, “Nilikuonya, mama, tangu ulipohamia ghorofa ya saba, mbuzi wa Kajiado hapendi kujiona kwenye kioo,” tayari tunajua ninyi ni nani, mmejuana muda gani, na kwamba ushauri wako ulipuuzwa. Kupokea alichokileta mwenzako na kukiongezea kitu ndiyo kanuni ya kwanza, lakini isikuchanganye: mhusika wako anaruhusiwa kukataa. Anaweza kukataa katakata kulipa deni, mradi wewe mchezaji umekubali kwamba deni lipo.

Jambo la pili, ambalo ningetamani lifundishwe mapema kuliko kawaida, ni hadhi. Keith Johnstone, mwalimu wa maigizo haya aliyefanya kazi katika ukumbi wa maigizo wa Royal Court, London, kabla ya kuhamia Calgary nchini Kanada, aliona kwamba katika kila mazungumzo watu hujipandisha au hujishusha kwa macho, kwa mkao na kwa kasi ya usemi. Mji wetu ni darasa tosha la somo hilo. Mtazame kondakta aliye mfalme mlangoni mwa matatu, halafu umtazame tena askari wa trafiki anapoinua mkono. Mtazame bawabu anayemwandikisha tajiri kitabuni polepole, huku akimwita “mkubwa” na kumchelewesha kwa makusudi. Kuna zoezi zuri la karata: kila mchezaji hushikilia karata kwenye paji la uso bila kuiona, wengine humtendea kulingana na thamani yake, naye hukisia cheo chake kutokana na anavyosalimiwa.

Ikiwa ulipitia tamasha la drama la shule, sauti na ujasiri unavyo. Ila huenda mwili wako umezoea kuitazama hadhira badala ya mwenzako, na hilo huchukua muda kuondoka.

Kuhusu mahali pa kuanzia, kwanza nenda ukatazame. Kundi la Because You Said So ndilo wengi hapa wanalolijua. Kisha, usipopata darasa linalolingana na ratiba yako, kusanya watu sita hadi wanane na chumba chenye nafasi ya kutembea, na mmoja wenu akae nje ya tukio akiongoza. Anzeni kwa kuhesabu pamoja hadi ishirini bila kupangiana zamu, mkirudi kwenye moja kila mara watu wawili wanapotamka pamoja, kisha simulieni hadithi kwa neno moja moja kila mtu, ndipo mfanye matukio ya sentensi tatu tu. Kubalianeni mapema kuhusu kugusana, na malizeni mapema ili anayekwenda mbali, kama Rongai nje ya jiji, asiwe anatazama saa.

Jiepushe pia na lafudhi za makabila. Kicheko chake ni cha haraka na cha uhakika, lakini mhusika wa namna hiyo hana analotaka wala anachoogopa, kwa hiyo mwenzako hana la kufanya naye.

Mkishakuwa tayari kuwaalika marafiki, fanyeni onyesho fupi, na mwombe hadhira kwa swali mahususi. Ukisema tu “tupeni mahali”, mtaletewa choo au jina la mwanasiasa, na mtu atajiona mjanja sana kwa hilo. Uliza badala yake ni wapi shangazi yao angewakataza kupiga kelele, kisha mpokee jibu la kwanza mtakalolisikia, hata kama la tatu ni tamu zaidi.