Tumbo likikusumbua kila siku, usilizoee

Watu wengi wenye shida ya tumbo ukiwauliza hali wanakwambia wazima. Mpaka uchimbe kidogo ndo unasikia choo anapata mara mbili kwa wiki tena kwa kusukuma mpaka jasho, kiungulia kila usiku, gesi, tumbo limejaa hata kama hajala kitu, halafu anamalizia "aah, tumbo langu ndo lilivyo". Hiyo sentensi ndo imenifanya niandike leo. Tumbo baya ukishalizoea haliishii tumboni, linakula usingizi, linakula nguvu, linakula mudi, na wewe unahangaika kutafuta dawa ya usingizi na dawa ya uchovu wakati chanzo kiko palepale.

Mimi kilichokuwa kinanisumbua wala sikukiita tumbo, nilikuwa nasema tu nimechoka. Naamka nimechoka, katikati ya asubuhi macho mazito, nikipanda ngazi kidogo moyo unadunda, na hasira za karibu, mtu akiniuliza kitu cha kawaida tu namjibu vibaya. Usiku nalala nimeegemea mito maana nikilala chali asidi inapanda mpaka kooni, nashtuka mdomo mchungu, nakaa pembeni ya kitanda nasubiri kifua kitulie, ikitulia nalala tena, inapanda tena. Nilipoenda kupima, damu ilikuwa chini, madini ya chuma yamepungua, na kipimo cha choo kikaonyesha nina bakteria anaitwa Helicobacter pylori. Kumbe uchovu na moyo kwenda mbio vilikuwa vinatokea tumboni, na hizo hasira nazo, mtu asiyelala na asiye na damu ya kutosha atakuwaje mpole jamani.

Huyu bakteria nimzungumzie vizuri kidogo, kwa sababu mpaka leo kuna watu wanaamini vidonda vya tumbo ni mawazo na pilipili basi. Hata madaktari wenyewe waliamini hivyo muda mrefu, kwamba ni stresi na asidi nyingi. Wakatokea Waaustralia wawili, Robin Warren na Barry Marshall, wakasema hapana, kuna bakteria anaishi ndani ya tumbo pamoja na ukali wote wa asidi ile, na yeye ndo analeta vidonda vingi, na walipoona watu hawaelewi, mwaka 1984 Marshall akanywa mwenyewe mchanganyiko wenye hao bakteria, siku chache tu akaanza kutapika, na walipompima wakakuta ukuta wa tumbo umevimba. Mwaka 2005 wote wawili wakapewa Tuzo ya Nobel. Kwa hiyo kama una maumivu ya juu ya tumbo yasiyoisha, usikae unaacha pilipili tu miaka na miaka, omba upimwe, iwe kwa choo au kwa pumzi. Na kama unatumia dawa za kupunguza asidi kama omeprazole mwambie daktari kabla, maana inabidi uziache kama wiki mbili hivi, la sivyo kipimo kinaweza kusema huna wakati unaye. Ukikutwa naye unapewa antibayotiki za aina mbili au zaidi pamoja na dawa ya asidi, kwa kawaida siku 10 hadi 14, na hapo ndo wengi wanapoharibu, siku ya tano maumivu yamepungua mtu anaacha dozi. Maliza. Halafu rudi upime tena baada ya wiki nne au zaidi kuhakikisha ameisha kweli, sio kwa kujisikia tu.

Chanzo kingine kikubwa cha vidonda ni dawa za maumivu, aspirini, ibuprofen, diklofenaki na wenzake. Mtu anameza kila siku kwa ajili ya mgongo au kichwa, tena tumbo tupu, halafu anashangaa tumbo linawaka. Kama ni lazima uzitumie muda mrefu ongea na daktari jinsi ya kulilinda tumbo.

Sasa tuje kwenye mudi, maana hapa watu huwa wanadhani natia chumvi. Utumbo una seli zake za fahamu, mamilioni kwa mamilioni, na kuna mshipa mkubwa unaounganisha tumbo na ubongo, na taarifa nyingi zaidi zinazopita humo ni za kupanda juu, yaani tumbo ndo linauambia ubongo kuliko ubongo unavyoliambia tumbo. Ndo maana siku tumbo halijakaa sawa unakuwa mzito wa kila kitu, hata kuongea hutaki. Na njia ni hiyohiyo kurudi chini, ukiwa na interview au msiba au ugomvi nyumbani tumbo linakuwa la kwanza kujua, wengine linafunga, wengine wanakimbia chooni. Kwa hiyo mtu akikwambia "ni stresi tu" usichukie, inaweza kuwa kweli, ila stresi sio sababu ya kuacha kupima, vyote viwili vinaweza kuwepo kwa mpigo.

Kwenye choo nitaongea wazi, maana aibu ndo inawatesa watu. Kawaida ya mtu mzima ni popote kati ya mara tatu kwa siku mpaka mara tatu kwa wiki, muhimu kiwe laini, kitoke bila vita na ujisikie umemaliza. Kosa kubwa ninaloliona ni kubana. Haja inakuja uko kwenye kikao, au choo cha kazini hukipendi, unabana, inapotea, na kinyesi kikibaki ndani utumbo mpana unaendelea kunyonya maji mpaka kinakuwa kigumu, kesho unasukuma, unaumia, keshokutwa unaogopa kwenda, na mzunguko umeshaanza hapo. Ukiitwa, nenda. Muda mzuri ni baada ya chai ya asubuhi kwa sababu chakula kikiingia tumboni utumbo mpana unaamka na kuanza kusukuma, jipe dakika zako pale, simu iache nje. Kama choo ni cha kukaa weka kistuli chini ya miguu magoti yawe juu ya kiuno, kuna msuli unaobana njia, ukichuchumaa unalegea na njia inanyooka. Mimi hiki kistuli kimenisaidia kuliko vidonge vyote nilivyowahi kununua, na nasema hivyo nikimaanisha.

Halafu nyuzinyuzi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku, na ukila vyakula vilivyokobolewa tu hufiki hata nusu. Maharage, dengu, mboga za majani, matunda na nafaka isiyokobolewa ndo vinabeba. Hizo nyuzinyuzi hazisagiki tumboni, zinaenda kuliwa na bakteria wazuri wa utumbo mpana, na wao wanatengeneza asidi fulani za mafuta ambazo ndo chakula kikuu cha ukuta wa utumbo wenyewe. Ila ongeza taratibu, wiki hii kidogo, ijayo kidogo, na maji yaongezeke pia, maana ukiruka ghafla utajaa gesi mpaka useme bora zamani.

Usiku kula mapema, yapite masaa matatu hivi kabla ya kulala, na ukilala lalia ubavu wa kushoto, asidi inapanda kidogo kuliko ukilalia kulia. Pia punguza kudokoadokoa siku nzima, tumbo likiwa tupu utumbo mdogo unapitisha mawimbi ya kujisafisha kila baada ya dakika 90 hadi 120 kama mtu anapita na ufagio, na kila ukitupia kitu mdomoni ufagio unasimama. Na kama una upungufu wa chuma kama mimi, chai na kahawa zikae mbali na mlo kwa sababu zinazuia chuma kunyonywa, weka tunda lenye vitamini C badala yake.

Hizi dawa za "kusafisha tumbo" na "kutoa sumu" zinazouzwa kila kona mimi sikubaliani nazo kabisa. Ini na figo zinafanya hiyo kazi usiku na mchana. Kinachotokea ni kuharisha, unapoteza maji na chumvi za mwili, unajiona mwepesi siku mbili, halafu unarudi ulipokuwa, na wakati huo wote tatizo halisi halijapimwa.

Kama hujui pa kuanzia chukua daftari, wiki mbili tu, andika ulichokula na saa ngapi, choo kilikuwaje, ulilalaje, mudi ilikuwaje. Langu lilikuwa na mistari kama "nimekula saa nne usiku, kiungulia saa saba, asubuhi kichwa kizito" na likijirudia hivyo mara kadhaa hata daktari hahitaji kukuuliza mara mbili. Lakini usisubiri daftari liishe kama unaona damu kwenye choo, choo cheusi kinachonata, kutapika damu, kupungua uzito bila kujinyima, chakula kukwama ukimeza, au umri umeenda na choo kimebadilika ghafla bila sababu. Hapo nenda leo, na ukifika taja dawa zote unazotumia, hata zile za maumivu ulizonunua mwenyewe bila kuandikiwa, na kama kwenu kuna aliyewahi kuugua kansa ya utumbo au ya tumbo lisemee hilo mapema kabisa.