Re: Beetle inakwaruza gia hata baada ya kukaza klachi

Ndugu, umesema umekaza kebo ya klachi ya gari lako la Volkswagen Beetle mara mbili na gia ya rivasi bado inakwaruza. Tafadhali usikaze tena kwanza. Bonyeza pedali kwa mkono: iende milimita 10 hadi 20 kabla ya kuwa nzito; nafasi hiyo ya bure ndiyo tunaita mchezo. Ukiumaliza mchezo huo, beringi inayosukuma klachi iachie itasuguana nayo muda wote, diski ya klachi ianze kuteleza, na hapo utaiua klachi nzima.

Mchezo ukiwa sawa, mimi ningeishuku kebo yenyewe, maana kukaza mara mbili si kawaida. Nyuzi zikianza kukatika inazidi kurefuka, na hakuna nati ya kukazia itakayoiponya. Badilisha mapema, kabla haijakukatikia njiani. Ukiwa chini ya gari, tazama pia bomba linaloibeba kebo karibu na giaboksi: linatakiwa kupinda milimita 25 hadi 45. Likinyooka, gari hutetemeka wakati wa kuondoka.