Ng'ombe mnono alivyoniponza

Ng'ombe aliyenifunza somo hili alikuwa mnene hadi watu wakanipongeza. Alichelewa kushika mimba, maziwa yakapungua mapema, nami nikaendelea kummwagia pumba kama wenzake. Hata alipokauka, yaani alipoachishwa kukamuliwa akisubiri kuzaa, sikupunguza. Nilijua namwekea akiba.

Alizaa salama. Siku ya sita akaacha pumba, akawa anadonoadonoa nyasi tu. Siku ya nane nimechuchumaa namkamua, akageuza kichwa akanipumulia usoni: harufu tamutamu yenye ukali, kama dawa ya kufutia rangi ya kucha. Kinyesi kikavu, mgongo umeanza kuchongoka. Nikampa dawa ya minyoo! Siku mbili zikapotea hivyo.

Daktari wa mifugo alipima tone la damu, akakuta ketoni, yaani kemikali ambazo ini hutengeneza kutokana na mafuta, zimepita mbali kiwango cha milimoli 1.2 kwa lita, ambacho kikifikiwa tu ni dalili ya kuanza kuwa macho. Ugonjwa huo huitwa ketosisi. Ndipo nikaelewa kwamba akiba ya mafuta haina mlango mmoja wala mlinzi mmoja.

Mlinzi mkuu ni insulini, homoni inayoongoza matumizi ya sukari ya damu. Ikiwa nyingi, mafuta hutulia chini ya ngozi na tumboni. Ng'ombe akizaa, kiwele huvuta sukari ya damu kwa fujo ili kutengeneza sukari ya maziwa, na chenyewe hakingoji ruhusa ya insulini. Sukari inashuka, insulini nayo inashuka. Wakati huohuo homoni ya ukuaji inapanda, inayafanya mafuta yazidi kuitikia adrenalini, homoni ya hofu, na yasiisikilize sana insulini. Basi mafuta yanavunjwa, asidi zake zinamiminika kwenye damu hadi ini. Ini la ng'ombe ni hodari wa kupokea mafuta, lakini mzito kuyasafirisha nje. Linachoma kadiri linavyoweza. Yanayobaki linayageuza ketoni au linayatunza humohumo mpaka lenyewe linajaa mafuta.

Kuvunja mafuta si ugonjwa. Kila ng'ombe mwenye maziwa mengi hufanya hivyo. Taabu ya mnene ni kwamba anakula kidogo zaidi siku za kuzaa, huku ana shehena kubwa ya kumwaga.

Mwaka uliofuata nusura nikosee upande wa pili. Nilikuwa na mwingine mnene aliyekauka, nikataka kumkondesha. Daktari akanizuia: ukimnyima chakula akiwa na mimba kubwa, insulini inashuka mapema na ini linaanza kujaa kabla ya ndama. Unene rekebisha angali anakamuliwa, miezi ya mwisho ya maziwa. Mimi humshika kwenye shina la mkia: vidole vikizama kama kwenye unga uliokandwa, amezidi. Azae akiwa na alama ya unene 3 hadi 3.5 kati ya 5.

Wiki tatu kabla ya kuzaa na tatu baada, simhamishi banda ovyo wala simchanganyi na wababe wa horini. Hofu ni adrenalini, na adrenalini ni mafuta mengine njiani kwenda kwenye ini.

Akishikwa na ketosisi, sisi humnywesha propilini glaikoli, kimiminika ambacho ini hukigeuza sukari, mililita 300 kwa siku, siku tatu hadi tano, kwa maelekezo ya daktari. Mimina polepole pembeni mwa mdomo, kichwa kisiinuliwe juu sana, isije ikaingia mapafuni. Akiwa amelala hainuki, usimnyweshe chochote. Piga simu kwanza.