Feni Inavuma, Programu Haiioni

SWALI: Assalaam aleikum, fundi. Nina duka la kuchapa na kutoa kopi hapa Langoni, Lamu. Feni ya laptopu yangu ya Windows huvuma kutwa, hata nikiandika barua tu. Kijana mmoja alinitilia programu ya kupunguza kasi ya feni kutoka kwenye flashi yake, lakini yasema feni haikupatikana. Nitumie programu gani nyingine?

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Usitafute nyingine, na ushukuru hiyo imeshindwa.

Kwenye laptopu nyingi, Windows siyo inayoendesha feni. Ubaoni mna chipu ndogo inayosoma joto la prosesa, yaani chipu kuu inayofanya hesabu zote za mashine, na kuamua kasi ya feni. Ndiyo maana feni huweza kuvuma hata kabla Windows haijawaka. Watengenezaji wengi hawakuifungulia chipu hiyo programu za nje, kwa hiyo programu hutafuta feni ikatoka kapa. Haimaanishi feni ni mbovu, wala kwamba umekosa draiva (programu ndogo inayoiwezesha Windows kukitumia kifaa), kama utakavyoambiwa ili ulipie draiva.

Kinachonichosha ni hiki: kila mwenye feni ya kelele ataka inyamazishwe, na ni nadra kumpata anayeuliza joto limefika ngapi. Huko ni kumziba mdomo baharia anayekwambia chombo chaingia maji. Prosesa nyingi za laptopu zikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia kasi zenyewe, na joto likizidi mashine huzimika katikati ya kazi ya mteja.

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, utazame ni programu gani inayoila prosesa hali wewe umetulia. Ukiipata ukaifunga, feni itashuka yenyewe. Usipoiona, basi huenda ni uchafu. Duka la kopi lina vumbi la karatasi, na hewa ya Lamu ina unyevu na chumvi; vikikutana kwenye mapezi ya kupozea huganda kama utando. Zima mashine, ifunguliwe, ipulizwe huku pangaboi za feni zimeshikiliwa zisizunguke. Ikiwa ni ya miaka mingi, pesti ya kupitishia joto iliyo juu ya prosesa nayo ibadilishwe.

Kwa Windows yenyewe, jambo la halali ni kwenda kwenye mipangilio ya umeme na kushusha kiwango cha juu cha prosesa kutoka asilimia 100 hadi 99. Kwenye mashine nyingi hilo huzuia prosesa kujiongezea kasi, joto hupungua, na barua zako hazitajua tofauti.

Wanaotumia Linux badala ya Windows nao wasicheke. Huko ukiandika 1 kwenye pwm1_enable, faili la kudhibiti feni, feni umeichukua mkononi mwako: ukiipa kasi ya 60 kati ya 255, itabaki 60 hata prosesa ikiungua. Draiva ya Linux ya laptopu za ThinkPad hata haikuruhusu kuigusa feni mpaka uombe kwa fan_control=1.

Sasa hiyo flashi. Programu ya feni huomba ruhusa za juu kabisa za mashine, na hawa vijana mara nyingi huzima Windows Defender, kinga ya virusi ya Windows, kwanza ili ikubali kuingia. Kama wako alifanya hivyo, ing'oe programu hiyo, washa Defender, kagua mashine nzima, kisha ubadilishe nywila za barua pepe na benki kwa kutumia simu, si laptopu hiyo.