"Jitahidi uwezavyo" haimtoshi afisa mikopo
Je, inatosha kumwambia afisa mikopo wa SACCO (chama cha ushirika cha akiba na mikopo) ajitahidi tu? Hapana, ukimwambia tu "jitahidi uwezavyo" hujampa lengo. Tafiti za wanasaikolojia Edwin Locke na Gary Latham zimeonyesha mara nyingi kwamba lengo mahususi na gumu huzaa matokeo bora kuliko agizo la jumla, mradi mtu amelikubali na anapewa mrejesho njiani. Andika, tuseme: wateja wapya 12 kila mwezi hadi mwisho wa Septemba, na 95% ya marejesho ya mikopo yalipwe kwa tarehe. Namba hizo mbili ziende pamoja, tafadhali sana. Ukipima mikopo iliyotolewa peke yake, atamkopesha hata asiyeweza kulipa, na hasara utaiona bonasi ikiwa imeshalipwa. Malengo matatu hadi matano kwa robo mwaka yanatosha. Yapitieni kila wiki mbili, dakika 15.

Ila mgeni kabisa kazini usimbebeshe namba hizo mwezi wa kwanza. Mpe lengo la kujifunza, kwa mfano kuchambua maombi 10 akiwa na mwenzake mzoefu. Na kama wateja ni wakulima wa kahawa kule Mbale, Uganda, tarehe za marejesho zifuate mavuno.