Nyanya za asili: maswali yenu kuhusu ladha, rangi na mbegu

Maswali kuhusu nyanya za asili, zile ambazo wakulima wamerithishana mbegu zake kizazi hadi kizazi, yamekuwa mengi. Leo najibu matano.

Watu husema nyanya za zamani zilikuwa tamu zaidi. Ni kweli, au ni kumbukumbu za utoto tu?

Kwa kiasi kikubwa ni kweli. Ladha ya nyanya ni sukari, ni uchachu, na ni harufu inayopanda puani unapotafuna. Bila harufu hiyo unabaki na majimaji matamu tu. Mwaka 2017 watafiti walichapisha uchunguzi wa aina 398, za kisasa, za asili na za porini, wakakuta kwamba aina za kibiashara zimepungukiwa na viambata vingi vya harufu. Hakuna aliyekusudia kuviondoa. Waliozalisha mbegu walichagua mavuno mengi na tunda kubwa, gumu, linalostahimili safari. Ladha haikupimwa, ikapotea njiani.

Tazama mabega ya nyanya mbichi. Nyingi za asili zina kijani kilichokoza kuzunguka kikonyo, ilhali za kisasa zina kijani hafifu tunda zima, kwa sababu zilichaguliwa ziive kwa rangi moja. Mwaka 2012 ilibainika kwamba usawa huo unatokana na jeni iliyoharibika, na jeni hiyo hiyo, ikiwa nzima, ndiyo husaidia tunda bichi kujitengenezea sukari kwa mwanga wa jua. Wanunuzi tulipendezwa na wekundu usio na doa, utamu ukapungua.

Lakini si kila nyanya ya asili ni tamu. Nyingine zilitunzwa kwa ajili ya kupikwa au kukaushwa. Zina nyama nyingi na maji kidogo, na ukizila mbichi hutafurahi. Tena, nyanya yoyote ikikaa siku kadhaa kwenye friji yenye baridi chini ya nyuzi 12 hupoteza harufu, iwe ya asili au ya kisasa.

Nyanya nyeusi, za njano na za waridi zimechezewa maabara?

Hapana, rangi hizo ni za zamani. Ya njano haitengenezi laikopini, rangi inayoifanya nyanya iwe nyekundu. Nyeusi huiva bila kupoteza klorofili yake, na kijani kikichanganyika na wekundu huleta hudhurungi. Ya waridi ndiyo inayonifurahisha zaidi: menya ganda lake na la nyanya nyekundu, utakuta nyama zinafanana. Tofauti iko kwenye ganda, la nyekundu ni la njano, la waridi halina rangi. Ipo kweli nyanya iliyotengenezwa kwa uhandisi jeni, ya zambarau hadi ndani, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2022, lakini hiyo isichanganywe na hizi.

Mimi ni muuzaji. Wateja wanataka nyekundu za mviringo, na hizi za asili hupasuka na kuoza haraka. Nifanyeje?

Usiziweke fungu moja na nyingine, maana mteja atazihukumu kwa sura. Zitenge, ziandikie jina na matumizi: hii ya kachumbari, hii ya mchuzi. Kata moja, wateja waonje. Jina lina nguvu sokoni. San Marzano ya Italia, ndefu na yenye mbegu chache, jina lake linalindwa na sheria za Ulaya tangu 1996, na wapishi huitafuta kwa jina hilo.

Kuhusu kuoza, si zote. Ramallet ya kisiwa cha Mallorca, Uhispania, hutungwa kwenye kamba, ikaning'inizwa na kukaa miezi. Chagua aina kulingana na umbali wa soko lako. Zenye ganda jembamba ziuzwe karibu na shamba.

Naweza kutunza mbegu mwenyewe?

Ndiyo, mradi si chotara, kwa sababu watoto wa chotara hawafanani na mzazi. Ua la nyanya kwa kawaida hujichavusha lenyewe. Chagua tunda lililoiva kabisa kutoka mmea wenye afya, kamua mbegu na majimaji yake, ziache zichachuke siku mbili au tatu, suuza, kisha anika kwenye sahani, si kwenye karatasi, zitaganda. Zikikaa pakavu na penye ubaridi huota hata baada ya miaka mitano.

Za kwangu hushambuliwa sana na mnyauko. Nirudi kwenye za kisasa?

Hapo za kisasa zina nguvu kweli. Kinga yake dhidi ya mnyauko wa fuzari, unaoletwa na kuvu wa udongoni, na minyoo fundo, vijinyoo vinavyovimbisha mizizi, ilitolewa kwa jamaa wa porini wa Amerika Kusini, na aina nyingi za asili hazina kinga hiyo. Kabla ya kuziacha, jaribu kubebesha: chukua sehemu ya juu ya mche wa asili uiunganishe na shina lenye mizizi la aina yenye kinga. Fundo la kiungo libaki juu ya udongo. Likifukiwa, sehemu ya juu itatoa mizizi yake yenyewe na ugonjwa utaingilia hapo.